Geji inasoma 4.62, kihisi kinasoma 4.80: bwawa lina maji ya siku ngapi?

MsomaGeji | 10 Julai, saa 2:14 usiku

Wakuu, heshima kwenu. Naomba msaada wa watu wa maji.

Kuna bwawa la tuta la udongo, kanda ya kati ya Tanzania, ambalo ndilo chanzo pekee cha mji mdogo. Michoro ya usanifu, yenye umri wa zaidi ya miaka 30, inasema hivi:

- Utoro (mahali maji ya ziada yanapotokea bwawa likijaa) uko mita 1,086.50 juu ya usawa wa bahari. Maji yakifika hapo geji inasoma 7.50.
- Bwawa likijaa lina mita za ujazo 2,400,000, na eneo la maji ni hekta 64.
- Toleo la chini kabisa kwenye mnara wa kuchukulia maji liko geji 1.80. Chini ya hapo kuna 140,000 ambazo hazichukuliki.
- Jedwali la kina na ujazo ni lile la kabla ya ujenzi. Halijawahi kurudiwa.

Geji ni mabamba ya mita moja moja yaliyopangwa kwa ngazi ubavuni mwa bwawa. Msomaji anasoma saa 12 asubuhi na saa 12 jioni. Mwezi uliopita kimefungwa kihisi cha mgandamizo ndani ya bomba pembeni ya mnara, kinatuma namba kwa laini ya simu. Leo asubuhi geji 4.62, kihisi 4.80.

Kwa jedwali, 4.62 ni mita za ujazo 910,000. Ukitoa zile 140,000 zinabaki 770,000. Pampu zinachukua wastani wa 2,900 kwa siku. Nikigawa napata siku 265, na namba hiyo inataka kuingia kwenye ripoti ya bodi ya maji ya bonde.

Nauliza: niamini kipimo kipi? Hizo siku 265 zina ukweli? Na asilimia ya kutangaza kwa wananchi ni ipi, maana kila mtu ananipa yake.

---

FundiLevo | 10 Julai, saa 3:02 usiku

Mkuu, usianze kwa kuuliza nani mwongo kati ya hao wawili. Anza na tabia ya hiyo tofauti.

Kwa siku tatu mfululizo soma geji na kihisi kwa wakati mmoja: saa 12 asubuhi, saa 4 asubuhi, saa 10 jioni, saa 4 usiku. Andika tofauti peke yake kwenye karatasi, kihisi kutoa geji. Halafu itazame.

Tofauti ikipanda saa 4 na kushuka saa 10, asubuhi na usiku vilevile, hiyo ni hewa. Huku kwetu kwenye joto mgandamizo wa hewa hupanda na kushuka mara mbili kila siku, kwa kiasi cha hektopaskali 3 hadi 4, na hektopaskali 1 ni karibu sentimita 1 ya maji. Kihisi kizuri kina mrija mwembamba ndani ya kebo unaopitisha hewa ya nje mpaka nyuma ya kiwambo ili hewa ijifute yenyewe. Mrija ukiziba, kihisi kinapima maji na hewa kwa pamoja. Unazibwa na nini? Mara nyingi na aliyekifunga: anakata kebo, anaiunganisha, anazungusha tepu mpaka mrija unafungwa. Au kebo imekunjwa pembe kali kwenye ukingo wa bomba. Au vipunje vya silika vya kunyonya unyevu vimebadilika rangi, maji yakatonea ndani ya mrija. Vipunje hivyo vikaguliwe kila mwezi wa mvua, havisubiri mwaka.

Tofauti ikiwa ileile saa zote, tatizo ni sifuri. Ama kihisi kilipewa sifuri isiyo ya geji, ama bamba la geji limehama.

Ikibadilika kadiri kina kinavyobadilika, shika mpangilio wa loga, yaani kifaa kinachorekodi namba za kihisi. Kihisi cha miliampia 4 hadi 20 chenye upeo wa mita 10 kinapaswa kutoa 12 kwenye mita 5 kamili. Kanuni ni (miliampia kutoa 4) gawa kwa 16, zidisha kwa 10. Kwa 4.80 yako multimita isome 11.68. Ikisoma hivyo na loga ikaandika kitu kingine, kihisi hakina kosa, kosa liko kwa aliyeweka upeo.

Ikikua polepole wiki hadi wiki, kebo inateleza au kihisi kimelala kwenye tope. Kihisi kining'inizwe kwa waya wa chuma usioshika kutu, kisining'inie kwa kebo yake, na kikae nusu mita juu ya sakafu.

Halafu geji. Hapa watu wengi wanaiamini kwa sababu inaonekana kwa macho, na ndipo wanapopotea. Mabamba ya ngazi kila moja lina kosa lake. Udongo wa ubavu unatambaa, ng'ombe wanajikuna, bamba linang'olewa na kurudishwa kwa kukadiria. Kila bamba lipimwe kwa levo (darubini ya wapima ardhi ya kulinganisha vimo) kutoka bikoni, yaani alama ya kudumu yenye kimo kinachojulikana, iliyo juu ya mwamba au zege la utoro. Usitumie bikoni iliyo juu ya tuta, tuta la udongo linashuka kwa miaka mingi baada ya ujenzi. Ukienda na kurudi, kosa la kufunga mzunguko (tofauti ya kimo unaporudi ulipoanzia) lisizidi milimita 12 mara kipeo cha pili cha urefu kwa kilomita: kwa mita 400 ni milimita 7 na kitu. Ukizidisha, rudia.

Na tafadhali usitumie GPS ya mkononi kupata mita juu ya usawa wa bahari. Kimo cha setilaiti si kimo cha ramani. Kwa Tanzania vinaweza kupishana kwa zaidi ya mita 10, achilia mbali kosa la kifaa chenyewe.

Huna levo wiki hii? Tumia mpira wa levo wa mafundi ujenzi, ule mpira mwangavu wenye maji ndani. Toa mapovu yote, shika ncha moja kwenye 5.00 ya bamba la 4 hadi 5, nyingine kwenye bamba la 5 hadi 6. Maji yasimame kwenye 5.00 kote kuwili. Kosa la zaidi ya sentimita 1 utaliona papo hapo.

Kuna njia ya bure zaidi: fungua kitabu cha msomaji siku maji yalipopita 5.00. Bwawa lako kiangazi linashuka sentimita moja na nusu hivi kwa siku. Ukikuta siku moja limeshuka sentimita 10, maji hayakufanya hivyo. Bamba ndilo lililofanya.

---

Mizania | 11 Julai, saa 1:20 asubuhi

FundiLevo amemaliza la kwanza. Mimi nashika la pili, maana siku 265 ni namba ya hatari.

Umegawa maji kwa pampu, kana kwamba pampu ndiyo pekee inayokunywa. Bwawa lina wanywaji watatu: pampu, jua, na mvujo wa chini ya tuta. Na bado hujamhesabu tope, ambaye hanywi lakini amekalia nafasi.

Jua kwanza. Sufuria ya mvukizo ya Daraja A, chombo cha kupimia maji yanayopotea kwa mvuke (kipenyo mita 1.21, kina sentimita 25) huku kanda ya kati hutoa milimita 7 hadi 8 kwa siku kiangazi. Zidisha kwa 0.7 kupata mvukizo wa bwawa, kwa sababu sufuria ndogo ya bati inapata joto kuliko maji mengi. Chukua milimita 5.5. Eneo la maji kwenye 4.62 kwa jedwali lako ni kama mita za mraba 394,000, kwa hiyo leo jua linakunywa kama 2,170. Eneo litapungua kadiri maji yanavyoshuka. Kati ya 4.62 na 1.80 wastani wake ni 273,000, sawa na 1,500 kwa siku.

Mvujo una kipimo chake. Chini ya tuta, mahali maji ya mifereji ya ndani yanapotokea, pachike ubao wa pembe ya V ya digrii 90. Mtiririko kwa mita za ujazo kwa sekunde ni 1.38 mara H kwa kipeo 2.5, H ikiwa ni kimo cha maji juu ya ncha ya V, kwa mita. Kimo hicho kisipimwe kwenye ncha penyewe, pale maji yameshaanza kuinama. Rudi nyuma angalau mara nne ya kimo. Kwa H ya sentimita 10 unapata lita 4.4 kwa sekunde, karibu 380 kwa siku. Nitaweka 400. Ubao huu una faida ya pili, na kwa usalama wa watu ndiyo kubwa: mvujo ukiongezeka wakati bwawa linashuka, au maji yake yakianza kuwa na tope, acha hesabu na mwite mhandisi wa mabwawa siku hiyohiyo.

Sasa jumlisha: 2,900 + 1,500 + 400 = 4,800. Gawa 770,000 kwa 4,800, unapata siku 160. Siku zaidi ya 100 zimekwenda na jua na mvujo.

Tope. Jedwali la miaka 30 kwa bwawa la kanda ya kati ni historia. Imagi, Msalatu na Matumbulu karibu na Dodoma, na Kisongo karibu na Arusha, yalichunguzwa na mtafiti Anders Rapp na wenzake, utafiti ukachapishwa 1972, na picha iliyotoka ni ya mabwawa madogo yanayojaa mashapo ndani ya miongo michache. Sisemi lako liko hivyo, lipimwe. Lakini weka mfano: tope likiwa limekula 170,000 tu kati ya 4.62 na 1.80, unabaki na 600,000, siku 125.

Kutoka 10 Julai, siku 265 zinakupeleka mwanzoni mwa Aprili, mvua zimeshapita. Siku 160 ni katikati ya Desemba, mvua ndiyo inaanza, ikiwahi. Siku 125 ni 12 Novemba, na hapo hakuna mvua kanda ya kati. Ripoti moja, bwawa moja, maamuzi matatu tofauti kabisa.

Ukitaka maji yafike 15 Januari kwa akiba ya mvua kuchelewa, una siku 189. 600,000 kwa 189 ni 3,170 kwa siku. Toa 1,900 za jua na mvujo, mji unabaki na 1,270, chini ya nusu ya mnachopampu leo. Mgao ukianza Julai unaumiza kidogo kidogo. Ukianza Oktoba hakuna cha kugawa.

Na asiwadanganye mtu kuwa mtashusha pampu ya kuelea mchukue zile 140,000 za chini. Hiyo ndiyo nafasi ya kwanza tope kulala. Kwenye jedwali ni maji, lakini uwezekano mkubwa ni uji.

Usifanye hesabu hii mara moja ukaifungia kabatini. Igawe kwa siku kumi kumi: kina cha mwanzo, eneo lake, mvukizo wa siku hizo, pampu, mvujo, kina cha mwisho. Kisha linganisha na geji. Zikipishana zaidi ya sentimita 2 kwa siku kumi bila mvua, kuna kitu hukijui: mita ya pampu inadanganya, kuna mtu anavuta maji juu ya bwawa kwa bustani, au eneo la jedwali si la kweli tena.

---

Chania | 11 Julai, saa 4:45 asubuhi

Salamu kutoka Kenya. Niongeze kuhusu asilimia, halafu namna ya kupata jedwali jipya bila pesa nyingi.

Kwa takwimu zako mwenyewe: 4.62 kwa 7.50 ni asilimia 62 ya kina. 910,000 kwa 2,400,000 ni asilimia 38 ya ujazo. 770,000 kwa 2,260,000 ni asilimia 34 ya maji yanayochukulika. Zote tatu ni hesabu sahihi, ila ya kwanza haifai kutangazwa kamwe. Bwawa ni pana juu na jembamba chini, kwa hiyo nusu ya kina si nusu ya maji. Mwananchi akisikia 62 atamwagilia maua. Tangazeni 34, na karibu yake muandike maji yanatosha mpaka mwezi gani. Watu wanaelewa mwezi kuliko asilimia.

Ndakaini, linalotoa sehemu kubwa ya maji ya Nairobi, hutangazwa kwa ujazo kati ya mita za ujazo milioni 70, na kila mtu anajua 100 ni ipi. Hiyo ndiyo faida ya kuchagua kigezo kimoja na kukaa nacho. Mkibadilisha kigezo katikati ya ukame watu watasema mmeficha maji.

Kuhusu jedwali. Njia ya uhakika ni mashua na kipima kina cha mawimbi ya sauti chenye GPS. Hata kile cha wavuvi kinachohifadhi njia kinatosha kwa bwawa la hekta 64. Pitisha mistari ya kukata bwawa kila mita 25 hadi 50, kasi ya kutembea tu, mita 1 kwa sekunde. Kabla ya kuanza na baada ya kumaliza, shusha sahani ya chuma kwa kamba mpaka mita 1, 2 na 3 chini ya kifaa uone kama kinasoma hivyo. Tumia masafa ya kilohezi 200: hayo yanarudi kutoka juu ya tope. Ya 50 yanaweza kupenya tope laini na kukupa sakafu ya zamani, ukafurahi bure. Usisahau kuongeza kina cha kifaa chini ya uso wa maji, sentimita 20 zinazosahaulika huko zinaharibu kazi yote. Soma geji mwanzo na mwisho wa siku.

Kama hamna mashua sasa, tumieni kiangazi chenyewe. Setilaiti za Sentinel-2 hupita kila siku 5 hivi, picha ni bure, kila doa ni mita 10. Chukua bendi ya 3 (mwanga wa kijani) na ya 8 (infraredi, mwanga usioonekana kwa macho), fanya (3 kutoa 8) gawa kwa (3 kujumlisha 8), palipo juu ya sifuri kwa kawaida ni maji. Hesabu madoa, zidisha kwa 100, umepata eneo kwa mita za mraba. Andika geji ya siku hiyohiyo pembeni. Bwawa likishuka mpaka Oktoba utakuwa na jozi kumi au zaidi za kina na eneo.

Ujazo wa tabaka kati ya jozi mbili: jumlisha eneo la juu, eneo la chini, na kipeo cha pili cha yote mawili yakizidishwa, gawa kwa 3, zidisha kwa tofauti ya kina. Mfano, picha ya kwanza ikitoa 350,000, ya pili 292,000, na geji imeshuka mita 0.75, tabaka hilo ni kama 240,000. Jedwali lenu la zamani kwa kushuka huko kutoka 4.62 linatoa 271,000. Hizo 31,000 zilizopotea ni mashapo.

Tahadhari mbili. Magugu maji huonekana kama nchi kavu, bwawa litasomeka dogo kuliko lilivyo. Na mwambao wa matope ya majimaji huonekana kama maji. Mtumeni msomaji atembee mwambaoni na simu akiwasha GPS siku ya picha, mara moja tu, mtajua kizingiti cha sifuri kipandishwe au kishushwe.

Jambo la mwisho: msitazame bwawa peke yake. Ndakaini hupokea mito ya Thika, Githika na Kayuyu, na sasa pia mtaro wa chini ya ardhi wa karibu kilomita 12 unaoleta maji ya Maragua, Gikigie na Irati. Anayesoma kina tu hawezi kujua kama bwawa limepanda kwa mvua ya kwao au kwa maji ya mto wa jirani. Wekeni geji ya mto juu ya bwawa, mahali maji yanapita kwenye mwamba, na vipima mvua viwili kwenye dakio, yaani eneo ambalo mvua yake hutiririkia bwawani. Hapo ndipo utabiri wa msimu ujao unapoanzia.

---

Kisigo | 11 Julai, saa 2:30 usiku

Wakuu mmeeleza vizuri. Mimi ni upande wa vifaa na upepo.

Kwanza tujue kwa nini sentimita zinagombewa. Mtera, bwawa la umeme la hapa Tanzania, likikaribia kujaa lina eneo la takriban kilomita za mraba 600. Sentimita 1 pale ni mita za ujazo milioni 6. Linaendeshwa kati ya mita 690.00 na 698.50 juu ya usawa wa bahari, ina maana akiba yake yote ya kuzungusha mitambo ya pale na ya kituo cha Kidatu kilicho chini yake iko ndani ya mita 8 na nusu. Bwawa lako ni dogo, lakini sentimita 18 unazobishania ni 71,000, karibu siku 15 kwa hesabu ya Mizania.

Upepo wa alasiri husukuma maji upande mmoja. Kwenye bwawa refu na la kina kifupi geji za pande mbili hupishana bila kosa la mtu. Kwa hiyo namba rasmi ya siku iwe ya saa 12 asubuhi, kabla upepo haujaamka. Ya jioni ni ya kuhakiki tu. Kihisi nacho kirekodi wastani wa dakika nzima, si msomo mmoja uliodakwa juu ya wimbi.

Bomba la kutulizia maji: PVC ya milimita 110 inatosha. Tundu la kuingizia maji liwe na eneo la asilimia 1 hivi ya eneo la bomba, kwa hilo ni tundu moja la milimita 10. Likiwa kubwa mawimbi yanaingia, likiwa dogo linaziba na konokono na bomba linabaki na maji ya wiki iliyopita. Namna ya kujua limeziba: mimina ndoo ya maji ndani. Kina kirudi sawa na nje ndani ya dakika chache.

Mkifikiria rada ya kuning'iniza badala ya kihisi cha majini, ni nzuri, haiguswi na tope wala hewa. Lakini pembe ya mwale wa digrii 10 ikitoka mita 10 juu inamulika duara la kipenyo cha mita 1.75 chini. Ukiifunga karibu na mnara au ubavu wa tuta itapima zege au mawe. Nyigu hujenga kwenye mdomo wake pia, piga brashi kila mwezi. Ile ya mawimbi ya sauti hewani siipendekezi: kasi ya sauti inabadilika kwa asilimia 0.17 kwa kila digrii ya joto, kwa hiyo kipimajoto chake kikikosea digrii 5 kwa kuwa kimekaa juani, kwa umbali wa mita 8 umepoteza karibu sentimita 7.

Umeme. Betri ya volti 12 yenye ampia-saa 7 na sola ya wati 10 hadi 20 ni kawaida. Kinachosumbua ni modemu ya simu: inapotuma inaweza kuvuta ampia 2 kwa mpigo, volti zinaanguka, loga inajizima na kuwaka upya, na saa yake inarudi nyuma. Ukiona namba zimekosekana saa ileile ya kutuma kila siku, usibadilishe kihisi. Badilisha betri, au waya mwembamba wa kutoka betri kwenda modemu. Kiangazi tuma mara moja kwa siku, rekodi kila saa. Mvua zikianza rekodi kila dakika 15 na tuma kila saa, maana hapo unalinda utoro.

Laini iwe ya malipo ya baada, au mtu mmoja awe na jukumu la bando. Vituo vingi vinavyoitwa vibovu vimeishiwa bando tu.

Na msomaji asiachishwe kazi kwa sababu kihisi kimekuja. Yeye ndiye atakayekuambia mamba ameziba njia ya geji au bamba limelala. Picha ya geji kwa simu kila asubuhi, yenye tarehe, ina thamani kuliko kihisi cha pili.

---

MsomaGeji | 15 Julai, saa 1:05 usiku

Wakuu, shukrani. Majibu ya vipimo haya hapa.

Tofauti kihisi kutoa geji, wastani wa siku tatu: saa 12 asubuhi sentimita 18, saa 4 asubuhi 20, saa 10 jioni 16, saa 4 usiku 20. Kwenye kisanduku cha maungio kebo imefungwa tepu nyeusi na kumiminiwa gundi, mrija wa hewa hauonekani ulipoishia.

Mpira wa levo: 5.00 ya bamba la 4 hadi 5 iko sentimita 11 juu ya 5.00 ya bamba la 5 hadi 6. Mabamba mengine yako sawa. Kitabuni, siku maji yalipopita 5.00 imeandikwa kushuka sentimita 12.

---

FundiLevo | 15 Julai, saa 2:40 usiku

Imejieleza yenyewe.

Kupanda na kushuka kwa sentimita 4 ni hewa: mrija umezibwa na gundi. Kata maungio, acha ncha ya mrija wazi ndani ya kisanduku chenye silika, na kisanduku kiwe na tundu la kupumua lenye wavu. Usifunge tena kwa gundi.

Bamba likikaa sentimita 11 juu ya mahali pake linasoma pungufu kwa 11. Kwa hiyo 4.62 ya tarehe 10 ilikuwa 4.73. Zile 7 zinazobaki kwenye 18 ni sifuri ya kihisi, ila usiiguse mpaka mrija ufunguke, la sivyo utairekebisha kwa hewa ya saa hiyo. Ukishafungua, subiri siku mbili, soma geji iliyosahihishwa saa 12 asubuhi, weka sifuri mara moja, andika kitabuni: tarehe, saa, thamani ya zamani, thamani mpya.

Bamba lishushwe na fundi mwenye levo. Mpira ni wa kutambua kosa, si wa kulifunga upya. Na kumbukumbu za nyuma zisifutwe. Ongeza safu ya "kina sahihi" kwa misomo ya bamba hilo pekee, uache ya awali ilivyo. Tafuta pia miaka ya nyuma: kila mwaka maji yalipopita 5.00 kwenda chini angalia mruko wa sentimita 11. Mwaka wa kwanza kuuona ndio baada ya bamba kuhamishwa, na kutoka hapo ndipo marekebisho yanaanzia.

---

Mizania | 15 Julai, saa 3:15 usiku

Sentimita 11 kwa eneo lako ni kama 43,000, siku 9 kwa matumizi ya sasa. Kwenye mfano wa tope, siku 125 zinakuwa 134, yaani 21 Novemba badala ya tarehe 12. Bado ni kabla ya mvua, kwa hiyo mgao haukwepeki, ila lengo la 15 Januari linapanda kutoka 1,270 mpaka 1,500 kwa siku.

Kwenye ripoti ya bonde andika mambo matatu kwa mstari mmoja: kina 4.73 kwa geji iliyosahihishwa, ujazo kwa jedwali la zamani 955,000, na maneno "jedwali halijapimwa upya, tope halijatolewa". Picha za setilaiti za Julai na Agosti zikishatoa eneo, badilisha mstari huo kabla ya ripoti ya Septemba.